Mzigo wa Karani: Historia ya Chombo Chepesi cha Kuandikia katika Nchi ya Buha

Katika nchi ya vilima ipakanayo na Burundi, ambayo ramani za leo huigawa katika wilaya za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, na ambayo wazee waliijua kwa majina ya himaya zake za Heru, Muhambwe na Buyungu, maandishi ya serikali yaliingia juu ya vichwa vya watu. Kila daftari la kodi, kila chupa ya wino, kila muhuri na kila sanduku la bati lenye hati lilipandishwa kutoka pwani ya Ziwa Tanganyika na wapagazi, ambao desturi ya safari za zama zile iliwapimia mzigo wa ratili 60 hivi kwa mtu mmoja, yaani karibu kilo 27, mbali na chakula chake na mkeka wake wa kulalia. Naanza na wapagazi hao kwa kusudi. Siku hizi, kila watengenezaji wa kompyuta mpakato watoapo toleo jipya na kutangaza kuwa limepungua uzito kwa gramu kadha wa kadha, watu huanza kutaja matilaba yao juu ya toleo litakalofuata. Nami naona kwamba matilaba ya watu wa Kibondo na Kasulu yana historia ndefu kuliko kompyuta yenyewe, na kwamba historia hiyo inastahili kusikilizwa na mafundi wanaochora vyombo hivyo.

Kila dola iliyotawala huku ilikuja na orodha zake. Wajerumani waliandika kodi. Wabelgiji, walioishika nchi hii tangu 1916 hata walipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921, wakaandika za kwao. Na Waingereza, kwa kuwa walitawala kwa kupitia kwa watemi, wakaongeza madaftari ya mabaraza. Katika miaka ya 1930, malale yalipozidi na wakazi wakahamishwa kutoka mapori ya mbung'o na kukusanywa katika makazi makubwa, ilibidi kila kaya iandikwe upya. Na tangu 1944, Ofisi ya Kazi ya Mkonge, iliyojulikana kote kwa jina la SILABU, ilipowaandikisha vijana wa Kiha kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, kalamu ya karani ikawa ndiyo mlango wa kutokea nyumbani. Mwami Theresa Ntare wa Heru, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wachache mno walioshika utemi katika Tanganyika ya miaka ile, naye aliendesha shauri lake katika zama ambazo neno la baraza halikuwa na nguvu mpaka limeandikwa.

Mashine ya kupiga chapa ilikuwa chombo cha boma. Uzito wake ulizidi nguvu za mtu wa kuipakata njiani, ikakaa mezani kama hakimu; na karani wa vijijini, aliyeandika kwa mkono chini ya mwembe, aliyapeleka maandishi yake bomani yakaandikwa mara ya pili. Hata hivyo, tusiidharau mashine ile, kwani ilikuwa na fadhila tatu ambazo warithi wake wamezipoteza: haikuhitaji kitu ila karatasi, utepe wa wino na mafuta kidogo, iliandika katika jua la adhuhuri sawa na katika kivuli, na ilipoharibika, fundi mwenye bisibisi aliona kwa macho yake chuma kilichopinda. Ulaya walikuwa wamekwisha kutengeneza taipureta za kubebeka, kama vile Hermes Baby ya Uswisi ya mwaka 1935 na Lettera 22 ya Italia ya mwaka 1950, zisizofika kilo 4. Yule aliyekuwa na chombo cha namna hiyo katika vilima vya Buha alikuwa na ofisi nzima ndani ya mkoba, asimtegemee mtu.

Mwaka 1972 serikali ilianza Operesheni Kigoma, ya kuwakusanya wananchi katika vijiji, na mwaka huo huo maelfu ya Warundi walivuka mpaka wakikimbia mauaji. Kwa hiyo madaftari ya nchi hii yalijaa majina mapya kwa pande mbili. Katika mwaka huo huo, huko California, mtaalamu Alan Kay aliandika juu ya kompyuta aliyoiwazia, ya ukubwa wa daftari, isiyozidi ratili 4, ambayo hata mtoto angeichukua popote aendako. Chombo hicho hakikuwapo bado, lakini matilaba yalikuwa yamekwisha kutamkwa, na kila kompyuta mpakato iliyotokea baadaye ni jibu, zuri au baya, kwa matilaba yale. Kwetu jibu lilichelewa. Tanzania iliipata kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974 baada ya kuona hasara yake, na marufuku hiyo haikulegea mpaka miaka ya 1980.

Wakati mlango ukiwa bado umefungwa, kilipita chombo ambacho, kwa rai yangu, kilifaa nyanda za Kibondo kuliko vingi vilivyokifuata. Mwaka 1983 iliuzwa Marekani kompyuta iitwayo TRS-80 Model 100, yenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, ambayo haikutaka chaja wala nyaya: ilitiwa betri nne ndogo, zile zile zinazotiwa katika redio, ikafanya kazi kwa muda wa saa 20 hivi. Waandishi wa habari waliipenda kwa sababu waliweza kukaa popote wakaandika. Betri za namna ile zimekuwa zikiuzwa katika kila duka la njia panda kutoka Kasulu mpaka Kakonko.

Kompyuta zilizofika huku kwa wingi zilikuja kwa njia nyingine. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, zilifunguliwa kambi za Mtabila, Nduta, Mtendeli, Kanembwa na nyinginezo, na mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Na pamoja na wageni hao yakaja mashirika, na pamoja na mashirika zikaja kompyuta za kuandikia majina, mgao wa chakula na maombi ya hifadhi. Hapo ndipo palipodhihiri jambo ambalo matangazo ya wauzaji hayalisemi. Kompyuta ya kilo mbili ilifuatwa na chaja yake, chaja na waya mrefu, waya na kifaa cha kusawazisha umeme, na kifaa hicho na jenereta, na jenereta na mapipa ya dizeli yaliyopakiwa malori katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope tangu masika yaanzapo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyeiunda mashine ile mezani kwake aliuona mzigo wetu mwepesi kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo huo haikupita mikononi mwake. Wepesi wa chombo katika nchi isiyo na umeme ni jumla ya vyote vinavyopaswa kuchukuliwa ili chombo hicho kiwake, na hesabu hii ndiyo ambayo mpagazi wa kale asingalikosea kuifanya.

Wako waliojaribu kuifanya hesabu hiyo kwa insafu. Mwaka 2005, katika mkutano wa Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha mfano wa kompyuta ya watoto wa nchi maskini, ukiwa na mkono wa kuzungushia ili izalishe umeme wake yenyewe, na bei ikikusudiwa kuwa dola 100. Mkono ule uliondolewa, na bei ikakaribia dola 200. Lakini chombo kilichotoka kiwandani mwaka 2007, kwa jina la XO, kilikuwa na hikima nyingi. Kioo chake kilisomeka juani, kibodi yake ilifunikwa mpira usiopitisha vumbi wala maji, betri yake ilitoka kwa vidole, haikuwa na feni wala diski ya kuzunguka, na ilipokea umeme wa volti 11 mpaka 18 moja kwa moja, ambao ndio umeme wa betri ya gari na paneli ya sola, pasipo inveta katikati. Uzito wake ulikuwa chini ya kilo moja na nusu. Jirani zetu wa Rwanda waliwagawia watoto wao zaidi ya laki moja.

Kisha watu wakangojea toleo la pili. Mwezi Mei 2008 Negroponte alionyesha mfano wake, mzuri wa kutazama, wenye vioo viwili vya kugusa na usio na kibodi, utakaouzwa kwa dola 75. Toleo hilo halikutengenezwa kamwe. Mwezi Januari wa mwaka huo huo kampuni ya Apple ilikuwa imetoa MacBook Air, iliyochomolewa ndani ya bahasha mbele ya hadhara, ya kilo 1.36, yenye betri iliyofungiwa ndani na memori iliyolehemiwa. Na viwanda vingi vya dunia vikaufuata mfano huo. Ni msiba wa sanaa hii kwamba katika mwaka mmoja njia mbili zilikutana, nayo njia iliyomfaa mwalimu wa Kibondo ikaachwa kwa sababu wanunuzi wake hawakuwa na fedha.

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, kwa njia ya Nyakanazi, baada ya miji hiyo kutegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Ni neema kubwa. Lakini nyaya hazijafika kila kitongoji, na nchi hii iko jirani na mashariki ya Kongo, ambako radi hupiga kwa wingi kuliko karibu pahala pengine popote duniani, hata mwenye busara huchomoa chaja ukutani mara wingu liinukapo. Kwa hiyo matilaba ya leo yafanana na ya jana. Mwalimu anataka betri atakayoibadilisha mwenyewe. Fundi wa mjini anataka skurubu badala ya gundi, na memori inayochomoka. Mwandishi wa takwimu kambini anataka kioo kinachosomeka uwanjani, bawaba zisizovunjika kwa mtikiso wa pikipiki, na tundu moja la kuchajia linalokubali umeme wa sola. Hakuna hata moja katika hayo ambalo halijapata kutengenezwa.

Nyarugusu yenyewe ilipata kuonja jibu jingine, kwa mpango ambao Wakfu wa Vodafone na UNHCR waliuanza mwaka 2013: darasa zima ndani ya sanduku, lenye kompyuta mpakato moja, vishikwambi 25, projekta, modemu na betri ya kutosha siku nzima. Sanduku hilo lina kilo 52, yaani mizigo ya wapagazi wawili wasiopungukiwa sana, na mimi naliheshimu kwa sababu uzito wake wote unaonekana.

Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 2023 kwamba, kuanzia Februari 2027, betri za vyombo vya kubebeka vinavyouzwa kwao ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Na viwanda vikitii huko, vyombo hivyo hivyo vyaweza kuagizwa huku. Basi kwa maafisa elimu, wakuu wa shule, na wafadhili wanaoandaa zabuni za kompyuta za Kibondo na Kasulu, ombi langu ni hili: kabla ya kutia sahihi, mwambieni muuzaji aitoe betri mbele yenu na kuirudisha, aiwashe mashine kwa betri ya sola ya volti 12, kisha aichukue nje saa sita mchana mwanafunzi asome kilichoandikwa, na akishindwa moja katika hayo, msinunue.