Uhaba wa Watu Katika Mgodi wa Mwadui

Palikuwa na lalamiko moja lililorudiwa sana na waajiri wa Tanganyika katika zama za ukoloni, nalo ni kwamba Mwafrika hadumu kazini. Huja, hufanya kazi miezi michache, hupokea ujira wake, kisha hutoweka. Lalamiko hili lilisikika katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na lilisikika vilevile katika migodi ya Usukuma. Nia yangu ni kulipima kwa historia ya Mwadui, mgodi wa almasi ulio karibu na mji wa Shinyanga, ambako kampuni changa ilikua upesi mno, na swali la watu likawa gumu kuliko swali la mawe.

John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi za Mwadui mwaka 1940. Vita vilikuwa vimekwisha anza na mitambo ilikuwa adimu; akaanza kwa vyombo vya kuungaunga na kwa mikono ya watu. Msomaji asidhani kwamba mikono ile ilikuwa migeni kwa ujira. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi wa misafara katika karne ya 19. Mpagazi alijua kupatana ujira, kudai posho, na kutua mzigo njiani pale mapatano yalipovunjwa. Nyumbani nako kazi ilikuwa na adabu yake: vijana walilima kwa pamoja, majembe yakipanda na kushuka kwa mlio wa ngoma ya bugobogobo. Mtu aliyelelewa hivyo hakuwa mvivu, wala hakukosa nidhamu. Ila nidhamu yake ilikuwa na msimu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mvua zilipoanza mwezi wa Novemba, shamba lilimwita mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bei ya pamba ilikuwa nzuri, na kufikia 1955 wakulima walikuwa na chama kikuu chao cha ushirika cha Victoria, chini ya Paul Bomani. Mchimbaji wa Mwadui, basi, alikuwa na waajiri wawili, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe. Kuondoka kwake kulikuwa hesabu. Waajiri wa nchi hii walikwisha kulikiri jambo hilo, japo kimyakimya, walipokubali mtindo wa kipande: mtu alipewa kadi ya siku thelathini za kazi, akaruhusiwa kuzimaliza kwa muda mrefu zaidi ya siku hizo.

Mwadui ilijibu kwa kujenga mji. Palikuwa na nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege, na kuzunguka vyote hivyo ua na walinzi, maana almasi hufichika kwa urahisi. Wengi walikaa. Lakini nyumba ziligawanywa kwa daraja, na daraja za zama zile zilifuata rangi ya mtu. Ua ule ulizuia mawe yasitoke. Ngazi ile nayo ilizuia ufundi usishuke. Kampuni ilipata watu wa kudumu bila kuwafanya wahandisi, na kwa maoni yangu huo ndio uhaba wa kweli, wala haukusababishwa na pamba.

Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukawa mali ya De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema kwamba Waingereza walipoondoka mwaka 1961 waliacha nchi ikiwa na wahandisi wawili. Kitivo cha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1973.

Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Ule mpya ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001, lalamiko lilirudi likiwa limegeuzwa: sasa watu walikuwa tele, ila ujuzi, waliambiwa, haukutosha, na wageni wakaletwa kusimamia. Mwaka 2007 wafanyakazi wa Bulyanhulu waligoma, na mamia wakapoteza kazi. Nje ya ua wa migodi hiyo wachimbaji wadogo waliendelea na maduara yao. Humo mchimbaji hulishwa na mwenye duara, hupewa sehemu ya mifuko ya mawe badala ya mshahara, na huweza kuondoka atakapo. Duara huporomoka, na mgao huwa na hila nyingi. Hata hivyo wengi hukaa humo miezi mingi, na mvua zinapoanza baadhi yao huomba ruhusa ya kwenda kulima.