Filamu ya "House": Kicheko Kilichobeba Msiba

House, au Hausu kwa matamshi ya Wajapani, ni filamu ya kutisha iliyotolewa mwaka 1977 na kampuni ya Toho, ile ile iliyotengeneza Godzilla. Aliyeiongoza ni Nobuhiko Obayashi, ambaye hadi hapo alijulikana zaidi kwa matangazo ya biashara ya televisheni. Wengi wanaoitazama mara ya kwanza hucheka. Mimi pia nilicheka, na nilipoirudia nikaona haya.

Kisa chenyewe ni chepesi. Msichana aliyefiwa na mama anakasirika baba yake anapomletea mama wa kambo. Likizo inapofika anakwenda kijijini kwa shangazi yake akiwa na wenzake sita. Nyumba ile, pamoja na paka mweupe mwenye macho ya kijani, inawala mmoja baada ya mwingine. Piano inamtafuna anayeipiga. Magodoro yanamwangukia mwingine. Tikitimaji lililotumbukizwa kisimani lipoe linapovutwa, kinachotoka ni kichwa cha mwenzao, nacho kinaruka na kuuma.

Mambo haya yalitoka wapi? Toho ilitaka filamu ya kuvuna pesa kama Jaws, ya yule papa aliyewatetemesha Wamarekani mwaka 1975. Obayashi akamwendea binti yake mdogo, Chigumi, akamuuliza ni nini kinachomwogofya. Aliona kwamba watu wazima hubuni yale tu wanayoweza kuyaeleza, lakini hofu ya mtoto haihitaji maelezo. Ndiyo maana hata rangi na michoro ya filamu imefanywa kwa makusudi ionekane ya bandia, kama kazi ya mtoto na mkasi wake.

Wahakiki wengi wa Japani hawakuipenda. Vijana ndio waliojaa kwenye majumba ya sinema, ikaleta faida. Ilipoonyeshwa Marekani mwaka 2010, ikawa kipenzi cha wakeshaji wa maonyesho ya usiku wa manane, wakiangua vicheko kwa jinsi ilivyo kichaa.

Lakini kuna jambo ambalo kicheko hulipita. Shangazi yule alikuwa na mchumba aliyekwenda vitani asirudi. Alimngoja hadi akafa, na hata baada ya kufa anaendelea kumngoja. Wanaoliwa ni wasichana ambao hawajaolewa, yaani wenye maisha yale aliyonyang'anywa yeye. Habari hiyo inapoonyeshwa kama sinema ya zamani, wasichana wanaitazama huku wakipiga porojo. Linatokea wingu la bomu la atomiki, na mmoja wao analifananisha na ile sukari ya kusokotwa kama pamba wanayouziwa watoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Obayashi alizaliwa mwaka 1938 Onomichi, mji ulio katika mkoa wa Hiroshima. Bomu lilipoangushwa Agosti 6, 1945, alikuwa na umri wa miaka saba, na baadhi ya marafiki zake wa utotoni waliangamia. Alijua kwamba kizazi kilichozaliwa baada ya vita kitaliona wingu lile na kufikiria utamu. Hakukihutubia. Alikiacha kicheke, kisha akakionyesha nyumba yenye njaa.

Kwa hiyo msomaji, ukiitafuta filamu hii, usiwakalishe watoto mbele yake, kwani ina damu na miili isiyositiriwa. Cheka panapochekesha, wala usione vibaya. Ila ukifika kwenye lile wingu, nyamaza kidogo, umtazame shangazi. Obayashi alifariki Aprili 2020, na katika filamu yake ya mwisho, Labyrinth of Cinema ya mwaka 2019, alikuwa bado anairejea Hiroshima.