Vidonda vya Mdomoni Vinavyorudi: Walivyovitazama Matabibu wa Kiislamu na Yanayotupasa Leo

 

Mwaka mmoja tulijaaliwa kufunga Ramadhani Madibira, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, mahali panapojulikana kwa mashamba ya mpunga yanywayo maji ya Mto Ndembera. Tarawehe ilikuwa ikiswalishwa na kijana hafidhi ambaye mchana hulima majaruba pamoja na wazee wake. Usiku wa sita sauti yake ilibadilika. Herufi zitokazo ncha ya ulimi zikawa nzito, na baada ya swala tukamwona akitema mate yenye damu. Alipofungua kinywa tuliona vidonda vitatu vidogo vya mviringo, vyeupe katikati na vyekundu pembezoni, viwili ndani ya mdomo wa chini na kimoja ubavuni mwa ulimi. Akasema humrudia karibu kila mwezi.

Watu walikwisha kumpa majibu mengi. Mmoja alimwambia ni adhabu ya maneno aliyoyasema. Mwingine alimpa mrututu apake ili kidonda kiungue. Naye mwenyewe, kwa kudhani kinywa chake si kisafi, alizidisha kupiga mswaki kwa kijiti kikavu na kigumu mpaka akayachubua mashavu. Hapo ndipo tulipoona haja ya kurejea vitabu, tukajua waliotutangulia waliutazamaje ugonjwa huu.

QULAA KATIKA VITABU VYA TIBA

Ugonjwa huu ni wa zamani. Hippocrates wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitumia neno afthai kwa vidonda vya kinywani, na neno hilo matabibu wangali wakilitumia. Waarabu waliviita qulaa. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria (925 Miladia), alikuwa na desturi ya kuandika hali ya mgonjwa na mwendo wa maradhi yake. Maandishi yake yalikusanywa baada ya kufa kwake katika Al-Hawi, pamoja na kauli za matabibu waliomtangulia.

Ibn Sina (370–428 Hijria, 980–1037 Miladia) aliiweka qulaa katika kitabu cha tatu cha Al-Qanun, kinachoeleza maradhi ya kiungo kimoja kimoja kuanzia kichwani. Alivitenganisha vidonda kwa rangi zake, akihusisha kila rangi na mojawapo ya makhalti manne ya mwili. Elimu ya makhalti imekwisha kuachwa, na hatuwashauri wasomaji waifuate. Lakini tazameni njia yake: hakuwa na dawa moja kwa kila kidonda cha kinywa. Aliuliza kwanza ni kidonda gani na kimetokana na nini. Dawa zao nyingi zilikuwa za kukaza nyama ya kinywa, kama maganda ya komamanga na shabu.

Huko Qurtuba, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu mwaka 404 Hijria, alieleza katika Al-Tasrif namna ya kukwangua ukoko wa meno, akachora na vyuma vyake. Na karne yetu iliyopita, mwaka 1937, tabibu wa Istanbul aitwaye Hulusi Behçet alieleza maradhi ambayo vidonda vya mdomoni hurudirudi pamoja na vidonda vya sehemu za siri na uvimbe wa macho. Wengine waliona kinywa peke yake na jicho peke yake, yeye aliviunganisha. Leo maradhi hayo yanaitwa kwa jina lake.

MSWAKI NA MIPAKA YAKE

Neno letu mswaki limetokana na Kiarabu miswak, na limeenea kiasi kwamba hata brashi ya plastiki twaiita mswaki. Hadithi za Bukhari na Muslim zatujuza kwamba Mtume (s.a.w.) angeliuamrisha kwa kila swala lau si kuuchelea umma wake mashaka. Na Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa katika saa zake za mwisho Mtume (s.a.w.) aliutazama mswaki mkononi mwa Abdurrahman bin Abi Bakr. Bi Aisha akauchukua, akautafuna ukawa laini, ndipo akampa. Mgonjwa hakupewa kijiti kigumu.

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, amesisitiza katika Zad al-Ma'ad kuutumia mswaki kwa kadiri, kwani kuzidisha kwaweza kuondoa ung'avu wa meno. Akaonya pia tusichukue kijiti cha mti tusioujua, huenda ukawa na sumu. Mwaka 2000 watafiti wa Muhimbili walichapisha vipimo vya miti inayotumiwa kwa mswaki hapa Tanzania, wakakuta kwamba baadhi ina nguvu dhidi ya vijidudu vya kinywani. Hiyo ni fadhila kubwa ya usafi. Lakini vipimo vya maabara havimaanishi kwamba kijiti kinaponya kidonda kilichokwisha kutoka. Kikiwa kigumu, hukiongeza.

SABABU NA KINGA

Matabibu wa leo wanasema vidonda hivi haviambukizi. Si sawa na malengelenge ya homa yatokayo nje ya midomo, wala si utando mweupe wa fangasi. Chanzo chake hakijulikani chote, lakini vichocheo vyake vyajulikana: kujiuma au kuchubuka, uchovu na mawazo, urithi wa ukoo, na upungufu wa madini ya chuma, foleti au vitamini B12. Kwa baadhi ya watu, dawa ya meno yenye kitoa povu kiitwacho sodiamu laurili salfeti huvirudisha. Wakiibadili hupata nafuu.

Tulimshauri kijana wetu aende akapimwe. Akakutwa na upungufu wa damu uliotokana na safura, minyoo iingiayo kwa nyayo tupu katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Mkulima wa majaruba asiyevaa viatu, anayefuturu kwa wali mtupu, hana budi kujihadhari. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, akaambiwa ale maharage, mboga za majani, mayai na samaki, na atumie brashi laini. Baada ya miezi kadhaa vidonda vilipungua sana.

Kwa matibabu, kidonda kidogo hupona chenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, kisha uteme. Epuka pilipili, ndimu na vyakula vikavu. Asali yaweza kupunguza maumivu, ila asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kikizidi, tabibu ataandika dawa ya kusukutua au ya kupaka. Mrututu ni sumu, usiingie kinywani.

Kidonda kilichopita wiki tatu bila kupona hospitali ni lazima, khasa kwa mtumiaji wa tumbaku, ugoro au tambuu, kwani chaweza kuwa saratani. Vikiwa vikubwa, au vikiandamana na homa, kukonda, macho mekundu au vidonda vya siri, usingoje hata wiki hizo. Na kipimo cha Virusi vya Ukimwi kisionewe haya.

HUKUMU KWA MWENYE KUFUNGA

Kusukutua kwa dawa hakufunguzi ikiwa hakuna kinachomezwa, lakini salama zaidi ni kupaka na kusukutua usiku. Damu ya kinywani itemwe. Mwenye kuimeza makusudi swaumu yake huharibika. Aliyebanwa na damu isiyokatika, asiweze kujilinda nayo, Imamu al-Adhra'i wa madhehebu ya Shafii ameona anasamehewa. Kupiga mswaki baada ya adhuhuri ni makuruhu kwa kauli mashuhuri ya Shafii, ingawa Imamu Nawawi katika Al-Majmu' amechagua kuwa si makuruhu. Na katika udhu, kusukutua kwetu ni sunna. Kukimuumiza mtu, akiache, na udhu wake ni sahihi.

Ndugu maimamu, muumini akija kwenu na kidonda kinachorudi, msianze na kumpekulia dhambi zake. Mtume (s.a.w.) ameamrisha tujitibu. Mwelekezeni penye kipimo. Kijana wa Madibira alirudi mihrabuni, na herufi zake zikarudi mahali pake.

Wallahu a'lam.