Jeneza, Tusi na Mwanandani: Maneno ya Kuzikia Maiti

Msomaji wa leo akikuta katika habari za pwani kwamba watu walilichukua jeneza hata makaburini, kisha wakarudi nalo msikitini, hana budi kushangaa. Kwake yeye jeneza ni sanduku la mbao lenye kifuniko na misumari, nalo hushuka kaburini pamoja na maiti. Msimulizi hakukusudia hivyo. Jeneza lake ni kitanda chenye mikono ya kuchukulia, mali ya msikiti au ya mtaa, ambacho watu hupokezana mabegani, na kazi yake huishia ukingoni mwa kaburi. Hapo maiti huteremshwa na sanda yake tu. Tofauti hii si ndogo, maana mfasiri asiyeitambua huwazika Waislamu wa pwani ndani ya masanduku ambayo sheria yao haiyapendi.

Neno lenyewe latoka katika Kiarabu, na huko nako halikutulia. Wanazuoni walibishana juu ya irabu yake ya kwanza: wako waliosema kwamba janaza, kwa fataha, ni maiti mwenyewe, na jinaza, kwa kasra, ni kitanda anachochukuliwa, wengine wakageuza. Basi neno lilipofika kwetu lilikuwa limekwisha kuzoea kuyumba baina ya mtu na chombo. Kiswahili kililivuta upande wa chombo, ingawa twasikia bado "kulisalia jeneza", hali anayesaliwa ni maiti.

Sanduku la kuzikia kwa Kiarabu ni tabuti, neno ambalo Kurani hulitumia kwa Sanduku la Agano (2:248) na kwa kile alichotiwa Musa mchanga (20:39). Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake imesomeshwa sana kwa Mashafii wa pwani, asema ni makuruhu kumzika mtu katika tabuti, ila ardhi ikiwa na unyevu au ikiwa tepetepe. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, Kiswahili cha pwani hakikuwa na haja kubwa ya neno la sanduku la maiti. Utajiri wake uko kwingine, katika maneno ya kufunika na ya mahali pa kulaza.

Tazama mwanandani, yaani mwana wa ndani. Kaburi likisha kuchimbwa, chini yake huchimbwa tena nafasi nyembamba upande wa kibla, na humo maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia. Mwana hapa ni shimo dogo ndani ya shimo kubwa. Waarabu huliita lahd, lakini Waswahili wamelipa jina la kwao, na sijui jina la kaburi lililo pole kuliko hili. Nafasi hiyo huzibwa kwa mbao, na ubao huo huitwa kiunza, ili udongo usimwangukie maiti. Penye mchanga unaobomoka, mwanandani huchimbwa katikati badala ya ubavuni. Sanda, kiunza na udongo, vyote kazi yake ni moja, kusitiri. Na kweli watu wa pwani husema "kumsitiri mwenzetu" wakiwa na maana ya kumzika.

Kuzika lenyewe ni neno la Kibantu: Wakikuyu husema thika, na Waganda ziika. Kutokana nalo twapata mzishi na mazishi, kwa kanuni ile ile iliyotupa mpishi na mapishi kutoka pika, na pembeni yake maziko. Mzoga na mbegu hufukiwa, mtu huzikwa. Atakayesema mtu "amefukiwa" amekwisha kumvunjia heshima. Mzishi naye si mchimba kaburi tu: ni pia rafiki wa chanda na pete.

Sasa, sanduku liliingiaje? Biblia iitwayo Union Version, iliyotoka mwaka 1952, yatupa ushahidi mzuri. Katika Luka 7:14, penye habari za kijana wa Naini, kinachoguswa na Yesu ni jeneza, maana ni kitu kinachochukuliwa njiani. Katika Mwanzo 50:26 Yusufu aliyepakwa dawa huko Misri awekwa katika sanduku. Neno la Kiebrania hapo ni aron, lile lile la Sanduku la Agano, na Kiswahili kimeufuata umoja huo barabara. Wafasiri wale, basi, walivitenga vyombo viwili ambavyo usemi wa leo umeviunganisha.

Uzikaji wa Kikristo ulipoenea bara na mijini, chombo kinachobeba na chombo kinachozikwa vikawa kitu kimoja, na jina la cha kwanza likakaa juu ya cha pili. Maseremala walioko karibu na hospitali kubwa huuza majeneza, wala hakuna mnunuzi anayetazamia kulirudisha. "Kumpumzisha" marehemu "katika nyumba yake ya milele" nako kumekuja kwa mkondo huo, na nadhani ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Neno lililobaki lingeweza kutuondolea utata ni tusi, kitanda cha maiti kilichofunikwa kwa mkeka au nguo. Kwa bahati mbaya wingi wake ni matusi, na huenda hilo ndilo lililolifukuza midomoni mwa watu. Atakayetunga kamusi mpya na aliandike jeneza kwa maana mbili zenye namba, ya kitanda ikitangulia, kwa kuwa misikitini ingali hai.