Kinachobaki Nje ya Kamera: Filamu, Dhiki na Mafunzo ya Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Ikisiri

Filamu nyingi zinazohusu dhiki hufundisha kwamba mtu huokoka kwa ujasiri wake mwenyewe, katika saa moja ya hatari. Makala haya yanalihoji fundisho hilo kwa kulilinganisha na maisha ya Wamatengo wa Mbinga na ya wavuvi wa pwani ya Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Yanadai kwamba kuokoka ni kazi ya wengi, ya miaka mingi, na kwamba filamu ipimwe kwa namna inavyoionyesha kazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Agosti 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen ilivuka Ziwa Nyasa hadi Liuli. Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa la ufukweni linalofanana na sanamu maarufu ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo, na nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Kapteni Rhoades wa Gwendolen, mtu aliyefahamiana naye kwa miaka, aliipiga mizinga meli hiyo na kumchukua Berndt mateka.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara husimuliwa kama kichekesho cha manahodha wawili marafiki. Wenyeji waliousikia mzinga ule hawamo katika masimulizi. Hata hivyo, vita hivyo viliwaangukia watu wa Afrika Mashariki kwa miaka minne: wanaume walitwaliwa kuwa wapagazi, ghala za nafaka zikakombwa, njaa ikaingia, kisha mwaka 1918 homa kali ya mafua ikapita vijijini. Walionusurika na hayo yote ndio waliolima tena, wakavua tena, na kulea kizazi kilichofuata. Walifanyaje? Swali hilo ndilo ambalo filamu za dhiki zingepaswa kulijibu, na mara nyingi ndilo zinalolikwepa.

2.0 Nani hubaki kwenye fremu

Filamu iliyovitangaza zaidi vita hivyo vya maziwa ni The African Queen ya John Huston (1951), iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Mwanzoni mwa filamu askari wa Kijerumani wanachoma kijiji cha misheni na kuwaswaga wanakijiji. Baada ya hapo wanakijiji wanatoweka. Hadithi inawafuata wazungu wawili ndani ya mashua, wakipambana na maporomoko, ruba na matete, mpaka wanashinda. Mtazamaji anafurahia ushindi huo bila kukumbuka kwamba waliopoteza nyumba ni wengine. Dhiki ya wengi imekuwa mlango wa kuingilia tu; kunusurika kumekabidhiwa wawili.

Upungufu huu haukuipata Afrika peke yake. Mwaka 1934 Robert Flaherty alitoa Man of Aran, filamu ya makala kuhusu wavuvi wa visiwa vya magharibi ya Ireland. Picha zake za mawimbi bado zinastaajabisha. Lakini uwindaji wa papa unaoonekana humo ulikuwa umeachwa miongo mingi kabla, ikabidi wanaume wa kisiwani wafundishwe upya ili kamera ipate kuona hatari. Wenye ardhi na kodi zao, waliowatesa watu hao kuliko bahari, hawakuonyeshwa. Dhiki ikageuzwa kuwa ugomvi wa mtu na maji.

Miaka 14 baadaye Luchino Visconti alikwenda kijiji cha wavuvi cha Aci Trezza, Sicilia, akatengeneza La terra trema (1948). Aliwatumia wavuvi wenyewe kuwa waigizaji, nao wakazungumza lahaja yao. Familia moja inaweka nyumba rehani ili ijitegemee, inatia dagaa chumvi kwenye mapipa, kisha dhoruba inavunja chombo chao. Dhoruba ni usiku mmoja tu. Kinachowamaliza ni deni, na wachuuzi wanaosubiri bei ianguke.

Mtu wa Mbamba Bay au Lituhi ataielewa filamu hiyo haraka. Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700, na upepo wa kusini, ambao wavuvi huuita mwera, unaweza kuyageuza maji matulivu kuwa milima. Kumbukumbu ya ziwa hilo ina misiba mizito: tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya ilizama upande wa Nyasaland na kuua watu 145. Lakini ukikaa na wavuvi wa usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, utasikia hesabu nyingine pia: usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, bei ya nyavu na taa, mvua inayonyesha wakati usipa wameanikwa, na mnunuzi anayejua kwamba samaki mbichi hangoji. Filamu itakayoonyesha mwera ikanyamazia bei itakuwa imesema nusu ya kweli, na nusu hiyo itamlaumu Mungu kwa makosa ya soko.

3.0 Somo la ngolo

Kutoka ufukweni, panda mpaka milima ya Umatengo. Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo kwenye miteremko mikali. Watu wengi walibanana mahali padogo, kwenye udongo ambao mvua ingeweza kuukokota wote mpaka bondeni. Kwa kipimo cha filamu za kawaida hapa pana kila kitu: adui, kukimbia, pango la kujificha. Kamera ingeishia hapo. Kazi iliyowaokoa ilianza baadaye.

Kazi hiyo ni ngolo. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hufyekwa, hukaushwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikiwa juu ya majani. Kinachobaki ni shimo lililozungukwa na matuta manne. Maharage hupandwa kwenye matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni badala ya kuteremka. Udongo uliochukuliwa hutuama humo. Magugu hutupwa humo na kuoza. Katika mzunguko ujao mashimo mapya huchimbwa, na lililokuwa shimo huwa tuta. Kufyeka na kulaza majani kumezoeleka kuwa kazi ya wanaume. Kuchimba na kufunika kumekuwa kazi ya wanawake. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde, mlima unafanana na sega la asali.

Pamoja na ngolo kulikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo mmoja walikula pamoja kwa babu, kila nyumba ikileta chakula chake. Hapo mashamba yaligawanywa, ugomvi ulisuluhishwa na vijana walifundishwa. Nyumba iliyopungukiwa haikulazimika kuomba, kwa kuwa watu wake walikuwa wameshakula. Ndiyo bima ya njaa iliyoendeshwa kila jioni, kwa sahani. Uhamiaji na uchumi wa kahawa vimeidhoofisha sengu, na hilo nalo ni sehemu ya historia ya dhiki: mfumo unaookoa watu unaweza kufa kimyakimya, bila mlio wa mzinga.

Sasa linganisha na sinema iliyoletwa wakati wa ukoloni kuwafundisha Waafrika. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Ulitengeneza takriban filamu fupi 35 na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Mada zilikuwa kama minyoo ya safura, akiba ya posta na kilimo bora. Fundisho lake kuu lilikuwa moja: shida ya Mwafrika chanzo chake ni kutojua, na dawa yake ni kufundishwa. Mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya mradi kwisha, jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya A. H. Pike kuhusu namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Ujuzi ambao sinema ile ilidhani haupo ulikuwa umeandikwa mlimani kwa jembe. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Chuo Kikuu cha Kyoto wameuchunguza kwa kina. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama: filamu iliyomwona mtu mwenye dhiki kuwa mjinga haikuweza kumwona akijiokoa, hata alipokuwa mbele ya lenzi.

4.0 Kijana wa ng'ambo ya ziwa

Filamu iliyokaribia zaidi kulijibu swali letu imetoka ng'ambo. The Boy Who Harnessed the Wind (2019), iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, inasimulia maisha ya William Kamkwamba wa Wimbe, Kasungu, nchini Malawi, wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Wahusika wanazungumza Kichewa na Kiingereza, na mhusika mkuu ameigizwa na kijana Mkenya, Maxwell Simba. Ubora wake ni kwamba njaa haikushushwa kama pigo la mbingu tu. Kuna misitu iliyokatwa na kuuzwa, kuna wakubwa wasiotaka kusikia habari mbaya, kuna ada ya shule inayomfukuza mwanafunzi. Na kuna baiskeli ya baba. Familia ikibakiwa na baiskeli moja, kuikata ili kutengeneza kinu cha upepo ni uamuzi wa nyumba nzima, na filamu inaupa uamuzi huo uzito wake wote.

Hata hivyo hamu ya ushindi imeivuta. Katika filamu, kinu kinasukuma maji, shamba linastawi, kijiji kinaokoka. Katika maisha, kinu cha kwanza cha Kamkwamba kiliwasha taa nyumbani. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Anayejua kulima anaijua tofauti hiyo. Kati ya njaa na taa ile kulikuwa na miezi ambayo watu waliishi kwa mlo mmoja mdogo kwa siku, wakagawana, wakangoja mahindi mapya yakomae. Miezi hiyo haina shujaa. Nayo ndiyo iliyowafikisha watu kwenye mavuno.

5.0 Pingamizi

Msomaji anaweza kusema kwamba filamu ni sanaa, haina budi kuwa na mhusika na kilele, na kwamba hakuna atakayelipa kiingilio kutazama watu wakichimba mashimo. Pingamizi hili lina nguvu, lakini Visconti ameshalijibu: alikuwa na mhusika na alikuwa na dhoruba, akaonyesha pia mizani ya mchuuzi. Suala ni mahali kamera inapokaa dhoruba ikishapita.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Pengine hatari kubwa haimo kwenye filamu za ushindi, imo kwenye zile za kukata tamaa. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper (2004), inayojulikana nchini kwa jina la Mapanki, ilichukuliwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na kuonyesha biashara ya sangara, umaskini na ndege za mizigo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, na Mwanza kukawa na maandamano. Nakubaliana na Sauper kwamba biashara ya dunia inahusika na njaa ya ufukweni. Hilo lilistahili kusemwa. Lakini filamu yake iliwaacha watu wa ziwa wakiwa majeruhi tu. Kwa njia tofauti, imekutana na sinema ya Vugiri: zote mbili hazikuuliza watu hawa wanajua nini.

Mtazamaji wetu naye si chombo kitupu. Katika vibanda umiza vya Tanzania, yaani kumbi ndogo za video, filamu za nje hupewa sauti ya pili na watafsiri, na mtafiti Matthias Krings ameandika kwa kina juu ya kazi yao, akiwemo Lufufu wa Dar es Salaam. Mtafsiri huongeza methali, humkosoa mhusika, huleta mfano wa hapa nyumbani. Kwa kazi hiyo hadithi ya mtu wa mbali hupimwa kwa maisha ya wanaoitazama. Watazamaji wa namna hiyo wako tayari kwa filamu inayowaheshimu.

6.0 Hitimisho

Napendekeza filamu ya dhiki ipimwe kwa maswali matatu. Je, inataja mwenye kusababisha, au inalaumu maji na mvua peke yake? Je, inaonyesha ujuzi wa walioteseka, au machozi yao tu? Je, inabaki mpaka msimu unaofuata? Kwa vipimo hivyo The African Queen inaanguka, Man of Aran inaanguka kwa uzuri wake wote, La terra trema inasimama, na filamu ya kijana wa Wimbe inasimama kwa mguu mmoja na nusu.

Wito wangu unawaelekea walimu na wanafunzi wa filamu wa Dar es Salaam na Bagamoyo, na vijana wa Mbinga na Nyasa wenye kamera katika simu zao. Wazee walioketi sengu wanapungua kila mwaka. Wanawake wanaojua ngolo kwa mikono bado wapo, na wavuvi wanaousoma mwera kabla haujafika bado wapo. Nendeni Machi majani yanapolazwa, mrudi mahindi yanapopandwa, mrudi tena wakati wa kuvuna. Warekodini kwa lugha zao, muwaonyeshe picha zao kabla ya kumwonyesha mtu mwingine, na majina yao yawekwe kwenye filamu kama walimu.

Wamatengo wameyatunza mashimo ya ngolo kwa zaidi ya karne moja, na udongo wao bado uko mlimani.