Chatu na Nsato

Ukifika Chiwanda, katika mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, utamkuta nyoka mmoja mwenye majina mawili. Kwa Kiswahili ni chatu. Kwa Kinyanja, lugha isemwayo pande zote mbili za ziwa, ni nsato. Mtu wa haraka atadhani lugha moja imeazima kwa nyenzake. Sivyo. Pale Kiswahili kinapotamka ch, Kinyanja mara nyingine hutamka ns: sisi twasema chini, wao husema pansi. Wayao nao humwita sato, Washona shato. Maneno haya ni ndugu wa tumbo moja, urithi wa Wabantu wa kale, na jina lilikuwapo kabla Kiswahili hakijawa Kiswahili.

Wataalamu wa Ulaya walichelewa. Mwaka 1789 Gmelin alimpa chatu wa Afrika jina la Albertus Seba, mwuza dawa wa Amsterdam aliyekuwa na hazina ya wanyama waliohifadhiwa. Heshima hiyo, nakiri, hunichekesha kidogo. Mwaka 1840 Andrew Smith akamwandika chatu wa kusini kwa jina la Natal. Kwa muda mrefu wawili hao walihesabiwa kuwa aina moja, hata Donald Broadley alipowatenga mwaka 1999. Wa kwetu huku kusini ni huyo wa Natal.

Siku hizi chatu hutajwa zaidi kwa ulafi: kameza mbuzi, kameza kuku. Zamani, ng'ambo ya ziwa, alitajwa kwa mvua. Huko Msinja, katika Malawi ya leo, Wachewa walikuwa na mahali patakatifu pa kuombea mvua. Kuhani wake alikuwa mwanamke aliyeitwa Makewana, yaani mama wa watoto, na roho iliyoleta mvua, Thunga, ilifikiriwa kuwa na umbo la chatu.

Sijui kama wazee wale waliwahi kumchungulia chatu shimoni. Mwaka 2018 Graham Alexander, wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alitangaza aliyoyaona huko Afrika Kusini baada ya miaka ya kuwafuatilia. Chatu jike hutaga katika shimo lililochimbwa na mnyama mwingine, kama muhanga. Rangi yake hugeuka nyeusi ili apate joto upesi. Hutoka kuota jua mlangoni, kisha hurudi kuyazungushia mayai mwili wake wenye joto. Muda wote huo hali kitu. Watoto wakishaanguliwa, hakimbii: kwa muda wa kama majuma mawili hurudi usiku kujikunyata katika mikunjo yake, naye amekonda vibaya.

Basi mkulima anayemkuta chatu mweusi akiota jua kwenye mdomo wa shimo, akainua panga, huenda amemkuta mama huyo, na nyuma yake gizani yamo mayai yanayongoja arudi.