Mafundi wa Vinanda wa Miraj

Miraj, mji wa kusini mwa jimbo la Maharashtra katika Bara Hindi, wasifiwa kwa sitari na tanpura zake. Mafundi wake ni wa ukoo wa wahunzi wa silaha. Walipotawala Waingereza, panga zilikosa wanunuzi. Na yasimuliwa ya kuwa yapata mwaka 1850 mmoja wao, Faridsaheb, aliletewa vinanda vibovu avitengeneze (twasema kinanda kwa maana ya zamani, yaani chombo cha nyuzi), na kwa kuvitengeneza akajua kuviunda.

Tumbo la tanpura ni boga kubwa lililokauka, likafunikwa ubao mwembamba. Lakini roho yake i katika daraja, kipande kipana cha mfupa kibebacho nyuzi nne za waya. Hapo ndipo tuonapo mkono wa mhunzi. Kwa tupa fundi hulainisha uso wa daraja hata uwe na mteremko mdogo mno, ili waya utikisikapo uuguse na kuuacha upesi. Kisha hutia uzi wa pamba chini ya waya, akausogeza kidogo kidogo, hata sauti ivume kama nyuki mzingani. Kazi hii huitwa jawari. Macho hayatoshi, fundi husikiliza. Na chombo kikichezwa sana, waya huchimba mfupa, mvumo ukafa, kikarudi kwenye tupa. Abdul Karim Khan, mwimbaji mashuhuri aliyezikwa Miraj mwaka 1937, aliijua kazi hii kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 2024 serikali ya India iliandikisha sitari na tanpura hizo kwa jina la mji wao. Lakini waimbaji wengi sasa huchukua kisanduku cha umeme kiigacho mvumo ule, wala hakihitaji tupa.